Shajara ya mradi: vitu vinne, chupa moja, na ile njano

Siku ya 1

Haya jamani, naanza rasmi. Mradi wenyewe ni huu: nina mchanganyiko wa vitu vinne kwenye chupa moja, vyote vigumu, vimesagwa pamoja mpaka umekua unga mmoja wa njano mpauko, na kazi ni kuvitoa kimoja kimoja vikiwa safi halafu kupima nimerudisha gramu ngapi za kila kimoja. Nimeuchanganya mwenyewe na kuupima kwenye mizani ili baadae nisije nikajitetea, asidi benzoiki 2.00 g, benzokaini 2.00 g, fluoreni 1.00 g, fluorenoni 0.50 g. Jumla 5.50 g. Fluoreni jamani, sio florini ile gesi kali, tusije tukatishana bure.

Kwa nini nimejitafutia balaa? Kwa sababu kuna sampuli nyingine inakuja, ndogo, ambayo sijui kuna nini ndani yake, na hiyo ikiharibika ndo basi tena. Afadhali nikosee kwenye hii ambayo majibu yake ninayo mfukoni.

Hivi vinne nimevichagua kwa makusudi. Kimoja ni asidi, kimoja ni besi (dhaifu kweli kweli), viwili vilivyobaki sio asidi wala besi. Na kati ya vyote fluorenoni peke yake ndo ya njano, wenzake watatu ni weupe. Kwa hiyo njano ndo shahidi wangu, nikiiona mahali isipotakiwa najua nimeosha vibaya hata kabla sijapima chochote.

Akili ya zoezi zima ni kwamba unakibadilisha kitu nguo mpaka kikimbilie upande mwingine chenyewe. Asidi benzoiki ikiwa kama ilivyo inapenda etha kuliko maji. Ukiinyang'anya protoni (kile kipande cha haidrojeni chenye chaji) inakua benzoeti, ina chaji, sasa inaona etha haifai na inahamia kwenye maji. Benzokaini ni kinyume chake, ukiipa protoni ndo inahamia majini. Fluoreni na fluorenoni hazishtuki na lolote kati ya hayo, zinabaki juu kwenye etha zikiangalia. pKa (namba ya urahisi wa kuachia protoni, ikiwa ndogo inaachia haraka) ya asidi benzoiki ni 4.2 hivyo hata sodiamu baikaboneti inaiweza, sina haja ya alkali kali. Benzokaini ndo kichwa ngumu, ikishashika protoni pKa yake ni kama 2.5, maana yake inaiachia kwa urahisi sana, ukiiletea asidi laini itakucheka. Naenda na asidi haidrokloriki ya molari 3.

Solventi, yaani kiyeyushi, ni dietaili etha, 60 mL. Inachemka kwenye nyuzi 34.6 tu kwa hiyo kuitoa baadae ni rahisi, ila hakuna moto wala cheche karibu na lazima niwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Nimepima peroksaidi kwanza kwa ile karatasi ya kupimia, haikubadilika rangi, sawa. Etha iliyokaa wazi muda mrefu inatengeneza peroksaidi ambazo zinaweza kulipuka ukiivukiza mpaka ikauke, hili sio la kubahatisha.

Leo sijafanya zaidi ya kupima, kuosha vyombo na kubandika lebo. Lebo nyingi. Nilidhani nimezidisha, kumbe kesho yake ndo nilielewa (naongezea hii sentensi siku ya pili).

Siku ya 2

Siku ya faneli ya kutenganishia. Nimeyeyusha unga wote kwenye etha, ukawa kama mkojo wa mgonjwa, samahani kwa lugha lakini ndo rangi yenyewe. Nikamimina kwenye faneli ya 250 mL, nikaangalia mara mbili kama koki imefungwa. Mara ya kwanza katika maisha yangu haikua imefungwa na nilinawa etha mpaka kwenye viatu, tangu siku hiyo naweka bika chini ya faneli hata kama nina uhakika.

Nimeanza na asidi, mara tatu, 15 mL kila mara. Watu wanauliza kwa nini usimwage yote 45 mara moja. Hesabu yake ni fupi. Chukulia kitu kinachopenda solventi mara 5 kuliko maji, kiko kwenye 100 mL za maji. Ukikitoa kwa 90 mL za solventi kwa mkupuo, kinachobaki majini ni 100 kugawa kwa 550, yaani asilimia 18. Ukigawa zile 90 ziwe 30 mara tatu, kila mara kinabaki asilimia 40, na 0.4 mara 0.4 mara 0.4 ni asilimia 6.4. Solventi ile ile, jasho kidogo zaidi, hasara imeshuka karibu mara tatu.

Etha ndo inakaa juu kwa sababu densiti yake ni 0.71 tu. Ukiwa na daiklorometheni (1.33) inageuka, yenyewe inazama chini, na hapo ndo watu wengi wanamwaga tabaka lenye mali. Ukiwa na shaka dondosha tone la maji uangalie linaenda kujiunga na tabaka gani, sekunde tano imeisha. Na hakuna tabaka linalomwagwa mpaka mradi uishe, hata lile unaloapa kwamba ni maji matupu.

Mkupuo wa kwanza ulinitisha kidogo, vitu vyeupe vikaanza kuganda pale karibu na koki. Ni ile chumvi ya benzokaini, kwenye asidi yenye kloraidi nyingi hivi haikai vizuri kwenye maji. Niliongeza maji kama 10 mL, nikazungusha taratibu, ikayeyuka.

Halafu njano. Tabaka la asidi lilipotoka nililiweka mbele ya karatasi nyeupe na lilikua na njano kwa mbaaali. Etha yenyewe huyeyuka kidogo kwenye maji na ikienda inabeba fluorenoni mgongoni. Kwa hiyo nimechukua tabaka zote tatu za asidi nikaziosha na 15 mL za etha mpya, ile etha nikairudisha kwa wenzake. Njano ikaisha. Bila ile rangi nisingejua, ningesema safi nikaendelea.

Sasa ajali. Baada ya asidi nikaja na baikaboneti iliyoshiba, 20 mL, nikaziba kizibo, nikageuza faneli, nikatikisa kama mtu anayechanganya dawa ya kikohozi. Mzee wetu wa maabara alikua anapita akaniuliza, "We mwanangu, hiyo umeipumulisha?" Kabla sijajibu kizibo kikaruka chenyewe, povu likamwagika kwenye mkono na kwenye trei. Glovu na miwani vilikuwepo, hakuna aliyeumia, ila aibu ilikuwepo kubwa.

Kosa nilikaa nikalipigia hesabu baadae. Gramu 2 za asidi benzoiki ni milimoli 16.4, kila moja inatoa molekuli moja ya kaboni dayoksaidi, hiyo ni karibu 400 mL za gesi kwenye joto la chumba. Bado sijahesabu ile asidi haidrokloriki iliyobaki kwenye etha. Mililita 400 za gesi ndani ya faneli ya 250 ambayo tayari ina kimiminika! Inatakiwa uchanganye kwanza ikiwa wazi, uzungushe taratibu mpaka povu litulie, ndo uzibe, ugeuze, ufungue koki mara moja itoe pumzi, mdomo wa faneli ukielekea ndani ya kabati sio kwenye uso wa mwenzio.

Trei nimeisuuza kwa etha nikarudisha nilichoweza. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: HASARA YA KIZIBO. Yaani najua kabisa mwisho wa mradi gramu zikipungua hapa ndo zilipoenda.

Mikupuo miwili iliyofuata ilikwenda salama, ila wa tatu ukaleta mvurugiko, tabaka la katikati likawa kama krimu, halitaki kwenda juu wala chini. Nilisubiri dakika kumi, hamna kitu. Maji ya chumvi yaliyoshiba kidogo yakamaliza ugomvi. Chumvi inayafanya maji yazidi kuchukiana na etha, na densiti inapanda pia, basi yanaachana.

Siku ya 3

Leo kuvirudisha kwenye nguo zao za zamani.

Asidi benzoiki kwanza. Zile tabaka za baikaboneti, jumla na kuosha kama 85 mL, nimeziweka kwenye bika kubwa kuliko nilivyodhani nahitaji, nikadondosha haidrokloriki tone kwa tone. Povu kwanza (baikaboneti iliyobaki), halafu ghafla maziwa, halafu theluji. Nimeenda mpaka pH 2 kwenye karatasi (chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), nikaweka kwenye barafu. Kuchuja kwa faneli ya Büchner na pampu, kusuuza kwa maji ya barafu kidogo kidogo. Kidogo kwa sababu maji hayo nayo yanakula, kwenye nyuzi 0 lita moja inashika karibu 1.7 g ya asidi benzoiki, kwa hiyo 85 mL tu zinaweza kuondoka na 0.14 g. Chujio, yaani yale maji yaliyopita kwenye karatasi, nimeliweka kwenye chupa yenye lebo.

Nikapima mara moja kwa kiherehere. 2.31 g! Kutoka kwenye 2.00! Nimeunda mada mpya duniani, asilimia 115. Ni maji bila shaka. Mzee akasema tu "kausha" akaondoka.

Benzokaini ilifuata. Hapa unapandisha alkali mpaka iachie protoni. Nilikua na sodiamu haidroksaidi ya molari 6 na saa ilikua imeenda, karibu tufunge, basi badala ya kudondosha nikawa namimina. Ikatoka kama mafuta, matone matone yanayoelea, sio fuwele. Etha iliyobaki ndani ya maji ndo inayofanya hivyo, inailainisha, na joto la asidi na alkali kukutana nalo linachangia. Nikaikwaruza kwa fimbo ya kioo kwenye ukuta wa bika, nikaongeza barafu, ikakubali kuganda. Karatasi ya pH ilikua bluu iliyokolea, kama 13 au 14, nilitaka 9 au 10. Nimezidisha. Lakini kitu kimeshatoka, kimeganda, kipo pale cheupe kinaonekana, sikuona shida. Muda ukaisha nikaifunika nikaiacha ilale hapo hapo, nitachuja kesho.

Siku ya 4

Nimechuja benzokaini asubuhi. Nimeosha kwa maji baridi. Vyote viko kwenye kabati la kukaushia. Chujio lebo, chupa, rafu. Basi.

Siku ya 5 na 6

Uzito mkavu: asidi benzoiki 1.84 g, benzokaini 1.79 g. Zote mbili bado chafu kidogo. Kipimo cha kiwango cha kuyeyuka kinaonyesha asidi inaanza kulainika 117 na kumaliza 120, inatakiwa 122 na iyeyuke ndani ya nyuzi moja hivi. Uchafu unashusha kiwango na pia unakitanua, yaani kitu safi kinaanguka kwa pamoja na kitu kichafu kinajivuta.

Kuunda fuwele upya, kwa maoni yangu hii ndo hatua nzuri kuliko zote, na ndo hatua ambayo watu wanaiharibu kwa haraka. Unatafuta solventi ambayo kitu chako kinaikataa ikiwa baridi na kuikubali ikiwa ya moto. Kwa asidi benzoiki maji yanatosha kabisa. Kwenye nyuzi 25 lita inashika karibu 3.4 g, kwenye 100 inashika kama 56 g. Kwa hiyo 1.84 g inataka kama 33 mL za maji yanayochemka, ongeza kidogo iwe 45 ili isigande njiani wakati wa kuchuja ya moto.

Hesabu hiyo nilikua nayo kwenye daftari. Na bado nikaongeza maji mpaka 120 mL, kwa sababu kulikua na vichembe vinne vitano havitaki kuyeyuka na mimi nikawa navifukuza na maji. Ni nyuzi za karatasi ya kuchujia bwana! Haziyeyuki hata uite mtungi mzima. Ningeacha, yote ikae 120 mL, ningepoteza 0.2 g hata kwenye barafu. Ikabidi nichuje nyuzi zile, halafu nichemshe kupunguza maji mpaka 55 hivi, na hapo nikagundua kingine, asidi benzoiki huondoka na mvuke, ukivuta hewa hiyo unakohoa hasa. Nikasogeza kila kitu ndani ya kabati.

Vijiwe vya kuchemshia niliweka kabla ya kuwasha, sio baada. Maji yaliyopita kiwango chake bila kuchemka yakikutana na kijiwe yanalipuka kutoka kwenye chombo.

Nikagawa mara mbili kwa ajili ya kujionea. Sehemu ndogo nikaitupa kwenye barafu ikiwa ya moto, kubwa nikaiacha mezani imefunikwa na kioo cha saa, nikaenda zangu. Ya barafu ilitoa unga mwembamba papo hapo, na kwa kuuangalia vizuri ulikua na kivuli cha njano. Ya mezani ikatoa majani marefu yanayong'aa, meupe kabisa, njano imebaki kwenye maji. Ikipoa taratibu, molekuli inayofika kwenye fuwele ina muda wa kujaribu nafasi, ile isiyofanana na wenzake inakataliwa inarudi kwenye kimiminika. Ukiharakisha, kila aliyekuwepo mlangoni anafungiwa ndani. Ule unga nikaurudia.

Asidi benzoiki safi: 1.62 g, inayeyuka 121 mpaka 122. Asilimia 81.

Benzokaini haiwezi kwa maji peke yake, nimetumia ethanoli na maji. Yeyusha kwa ethanoli ya moto kidogo iwezekanavyo, dondosha maji ya moto mpaka ukungu utokee na usipotee, kisha tone moja mawili ya ethanoli ukungu uondoke, acha. Nimepata 1.49 g, nyuzi 88 mpaka 90, ndipo inapotakiwa. Kile kimiminika kilichobaki nilikipunguza nikakipoza tena kikatoa 0.12 g nyingine lakini ni 85 mpaka 88, hiyo naitunza chupa yake. Usichanganye mavuno ya pili na ya kwanza ili tu namba ipendeze.

Siku ya 7

Wale wawili wasio na upande. Etha imeoshwa na maji ya chumvi, imekaushwa na sodiamu salfeti isiyo na maji (unaongeza mpaka chembe ziache kushikana na zielee huru kama mchanga), imechujwa, imevukizwa. Nimebaki na kitu kigumu cha njano 1.46 g kati ya 1.50. Hapo nimefurahi.

Hawa kwa asidi na alkali huwapati, na kwa fuwele ni kubahatisha. Tofauti yao ni kaboni moja tu katikati: kwa fluoreni ina haidrojeni mbili, kwa fluorenoni ina oksijeni. Lakini hiyo oksijeni inatosha, kwa sababu silika jeli juu yake imejaa vikundi vya haidroksaili na vinapenda kushikana na oksijeni ya namna hiyo. Fluorenoni itakua inasimama njiani kusalimiana, fluoreni inapita.

Njia hii ndo inaitwa kromatografia. Aliyeianzisha, Mikhail Tsvet, alionyesha kitu hiki kwa rangi za majani ya mimea mwanzoni mwa karne ya 20, akapitisha rangi kwenye mrija uliojaa unga wa chokaa zikajipanga mikanda, na mwaka 1906 ndo alitumia jina hilo lenye maana ya kuandika kwa rangi. Mimi nina rangi moja tu na mwenzake hana rangi, hivyo mkanda mmoja nitauona na mwingine sitauona, na hapo ndo kazi ilipo.

Kwanza vibao vilivyopakwa silika, kromatografia ya tabaka jembamba, solventi inapanda na kubeba madoa. Mstari wa kuanzia kwa penseli. Mwenzangu alichora kwa kalamu ya wino na wino wenyewe ukapanda ukaachana rangi tatu, tukacheka, ila kibao kikawa hakifai. Kwa hekseni tupu fluoreni ilipanda karibu nusu ya safari na fluorenoni ikabaki karibu na chini. Kwa hekseni 9 na ethaili aseteti 1, fluoreni ilikimbia juu na fluorenoni ikafika kama 0.4 ya safari ya solventi. Ile isiyo na rangi unaiona chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254, doa jeusi kwenye kibao kinachong'aa kijani. Doa liwe dogo. Doa langu la kwanza lilikua nene likaburuta mkia mpaka juu.

Kwa hiyo mpango wa safu (mrija uliojazwa silika, solventi inashuka) ni hekseni tupu mpaka fluoreni itoke, halafu ethaili aseteti asilimia 10 kumfukuza wa njano.

Siku ya 8

Safu ya kwanza imekufa. Nilijaza silika kavu kwenye mrija halafu nikamwaga hekseni juu, mapovu yakabaki ndani, na nilipoenda kujaza chupa kiwango cha solventi kikashuka chini ya mchanga, silika ikakauka ikapasuka. Mkanda wa njano ukaingia kwenye ufa ukateremka pembeni kama mchirizi wa mvua ukutani. Nilikua nimepakia 0.20 g tu ya majaribio, asante busara iliyonijia kwa bahati. Nikasukuma ethaili aseteti tupu mpaka kila kitu kikatoka, nikavukiza, nikarudisha kwenye chupa. Safu mbaya haijakuibia chochote mpaka umwage silika.

Siku ya 9

Safu ya pili. Silika 60 g nimeikoroga na hekseni kwenye bika (barakoa usoni, vumbi la silika sio la kuvuta), nikamimina yote kwa pamoja, nikagonga mrija taratibu ikatulia, mchanga juu. Sampuli nimeiyeyusha, nikachanganya na silika kidogo, nikavukiza ikawa unga mkavu wa njano, nikautandaza juu, mchanga tena. Kamwe kiwango hakikushuka chini ya mchanga, nilikaa pale kama mlinzi.

Mkanda wa njano uliingia umenyooka, kama sentimita moja, ukasimama. Nikawa nakusanya tesi tyubu, 15 mL kila moja, zote zinaonekana maji matupu. Ungeniuliza ningeapa hakuna kinachotoka. Kila tyubu nadondosha doa kwenye kibao, taa: ya 1 mpaka ya 6 hamna, ya 7 doa hilo hapo! Fluoreni ilitoka 7 mpaka 18. Nikabadilisha solventi, na ile njano ikaanza kutembea kama imeitwa jina. 24 mpaka 33. Kati yao tyubu mbili zina vyote viwili, hizo pembeni.

Siku ya 11

Fluoreni 0.91 g, nyuzi 114 mpaka 116. Fluorenoni 0.43 g, njano ya kupendeza, 81 mpaka 83. Kwa vile asetanilidi nayo inayeyuka karibu na 114, nyuzi peke yake sio kitambulisho, nimesaga fluoreni yangu na fluoreni halisi ya kwenye chupa nusu kwa nusu na mchanganyiko ukayeyuka pale pale bila kushuka. Ingekua mtu mwingine ingeshuka.

Hekseni ya mwanzo niliyokeneka (kuichemsha na kuupoza mvuke wake) nairudia kwa kuoshea vyombo. Ile yenye ethaili aseteti naiweka kwenye chupa ya taka, zinachemka 69 na 77, kwa kukeneka kwa kawaida haziachani.

Siku ya 12

Sasa hesabu. Zilizoingia 5.50. Zilizotoka safi 1.62 na 1.49 na 0.91 na 0.43, ukiongeza ile 0.12 ya mavuno ya pili ni 4.57. Zimepotea 0.93 g, na mimi jibu ninalo tangu siku ya pili kwa kalamu nyekundu, kizibo.

Mzee akaniambia nisilaumu kizibo kabla sijauliza chupa. Ndo zile lebo zikaanza kulipa. Chujio la asidi benzoiki nililitoa kwa etha likarudisha 0.12, maji ya fuwele yakarudisha 0.13. Kimiminika cha benzokaini 0.14, chujio lake la alkali 0.06. Tyubu mbili zilizochanganyika 0.07. Jumla 0.52. Bado 0.41.

Halafu ile njano ikatoa ushahidi wa mwisho. Kizibo kiliporuka, fluoreni na fluorenoni zilikua zote ndani ya etha ile ile na asidi benzoiki, na nilikuja kuzipata 1.46 kati ya 1.50. Yaani kilichomwagika hakiwezi kuzidi asilimia 3 ya etha. Asilimia 3 ya asidi benzoiki ni 0.06. Na benzokaini wakati huo ilikua imeshahama kwenda kwenye asidi, haikuwepo kabisa eneo la tukio! Sasa ilikuaje ndo iliyopoteza nyingi, 0.19 g ambazo hazionekani popote?

Benzokaini ni esta, yaani asidi iliyofungwa pamoja na alkoholi. Na mimi nimeilaza usiku kucha kwenye sodiamu haidroksaidi, pH 13 na kitu, nikasema sioni shida. Alkali kali inaikata esta, ethanoli inaenda zake na kinachobaki ni chumvi ya asidi ya 4-aminobenzoiki, ambayo kwenye maji yenye alkali inayeyuka vizuri na kwenye etha haiendi ng'o, ndo maana nilipolitoa chujio kwa etha sikuiona.

Nimechukua lile chujio, nikalishusha mpaka pH 4, nikalitoa kwa ethaili aseteti mara tatu, nikadondosha doa kwenye kibao pembeni ya benzokaini safi. Chini ya taa kuna madoa mawili, moja hafifu sawa na benzokaini, na lingine zito limeganda karibu na mstari wa kuanzia ambako benzokaini haikai. Nimevukiza, kuna unga wa rangi ya krimu, 0.11 g.

Kizibo nimekifutia kalamu nyekundu. Ule unga uko kwenye kabati la kukaushia, lebo imeandikwa "huenda 4-aminobenzoiki, ithibitishwe", inatakiwa iyeyuke karibu 187 mpaka 189. Kesho nikifika napima.